Studio Chumbani, na Mwenzio Alale Wapi?

Kila mtaa una mtu wake mwenye sauti. Unamjua bwana. Ndiye anayepewa maiki kwenye harusi na sendofu kila wikiendi, ndiye anayesoma matangazo kanisani hadi watoto wanatulia, na ofisini akipokea simu mteja anauliza, "Samahani, hapo ni redioni?" Zamani mtu wa namna hii aliishia kusifiwa tu. Labda abahatike kufanyiwa majaribio kwenye kituo fulani, na akikosa anarudi zake kaunta kuhudumia wateja.

Siku hizi sauti ni mradi wa pembeni kama kufuga kuku wa mayai, tena haihitaji chanjo. Na kwa sisi tunaoishi Arusha soko liko mlangoni kabisa. Kampuni za utalii ziko kibao, na kila moja inataka video ya Serengeti na Ngorongoro yenye msimulizi anayeeleweka. Kuna matangazo ya redio, masomo ya mtandaoni, vitabu vya kusikiliza, mafunzo ya mashirika, na ile sauti inayokwambia "bonyeza moja kwa Kiswahili". Umoja wa Afrika uliifanya lugha yetu kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, kwa hiyo wanaohitaji kusikika kwa Kiswahili hawapungui.

Usisahau tamthilia. Mwaka 2011 TBC ilituonyesha tamthilia ya Kichina ya dada mmoja, Mao Doudou, na mama wakwe zake, watu wote wakiongea Kiswahili. (Mke na mama mkwe, mada ambayo kurasa hizi hazijawahi kuichoka!) Leo Waturuki wa Azam TV wanagombana kwa Kiswahili sebuleni kwako na huoni ajabu. Na kabla ya hao wote vibanda vya video vilikuwa na Lufufu, mtu mmoja na maiki moja, akiwasemea Wamarekani na Wahindi wote waliomo kwenye filamu. Wote hao, kuanzia Lufufu mpaka sultani wa Kituruki, wametuzoesha kitu kimoja: sauti ya mtu tusiyemwona ni kazi, na kazi inalipwa.

Mambo yanaanza kuwa magumu pale mwenye sauti anapoamua kuifanya kazi hiyo nyumbani. Kukodi studio mjini kwa saa kunakula faida yote ya kazi ndogo ndogo, na kazi ndogo ndogo ndizo unazoanza nazo. Kwa hiyo unataka studio yako. Sasa sikiliza: studio ya nyumbani inakula vitu vitatu, yaani pesa, chumba na ukimya. Kama unaishi na mwenzio, vyote vitatu ni vya watu wawili.

LAKI SITA ZA NANI?

Chukua wanandoa ninaowafahamu wanaoishi Moshono. Majina nayaacha, maana suala hili lilishawakosesha usingizi na sina nia ya kulifufua. Mume ni mhasibu kwenye ofisi moja ya utalii, mke ni nesi anayeingia zamu za usiku, mtoto ana miaka mitatu. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamejibana wakafikisha laki sita, na mpango ulikuwa kuanza kuzungushia kiwanja chao uzio.

Mume akaiona maiki. Unaijua, ile nyeusi kubwa iliyoko mbele ya kila mtu anayefanya kipindi cha mazungumzo mtandaoni, Shure SM7B. Huko nje huuzwa takriban dola 400, ambazo kwa pesa yetu ni kama milioni moja kabla hujagusa nauli na ushuru. Hoja yake ilikuwa nzito kiaina: Michael Jackson aliimbia maiki ya SM7, mama wa hiyo ya sasa, alipokuwa anarekodi Thriller iliyotoka mwaka 1982. Mke alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa.

"Michael Jackson alikuwa na Quincy Jones," alisema. "Wewe baba Junior una jogoo wa jirani."

Hapo walinuniana siku mbili. Lakini ukiweka mapenzi pembeni na kuliangalia jambo kitaalamu, mama Junior alipiga palepale. Anayesikiliza rekodi yako hatambui aina ya maiki. Anachokitambua, ndani ya sekunde tatu, ni kama uko chumbani, bafuni au stendi ya mabasi. Chumba ndicho kinachosikika kwanza. Maiki ghali ndani ya chumba kibovu ni kama kamera nzuri inayopiga picha ya sufuria chafu: uchafu unaonekana vizuri zaidi.

PIGA MAKOFI KWANZA

Kabla hujatoa hata shilingi, zunguka nyumba yako ukipiga kofi moja kwa nguvu katika kila chumba. Mwenzio akikuuliza vipi, mwambie unafanya utafiti. Sebuleni kwenye vigae na kuta za plasta utasikia "pwaaa" inayobakia hewani. Jikoni ni balaa. Chumbani kwenye kitanda, godoro, mapazia na rundo la nguo ambazo hazijakunjwa utasikia "pa!" basi. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Sababu yake ni rahisi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, silabi moja unayoitamka inagonga ukuta na kurudi mara kadhaa kabla hujamaliza neno, na maiki inakusikia wewe pamoja na wale "wewe" wengine wanaorudi. Masikio yako yamezoea kuwapuuza. Maiki haina adabu hiyo.

Dawa ni vitu laini, vizito na vinene. Na hapa naomba tuzungumze kidogo kuhusu trei za mayai, maana kila nikiingia kwenye studio ya mtaani nazikuta zimebandikwa ukutani kama mapambo ya Krismasi. Trei za mayai hazizuii kelele ya nje hata kidogo, na mwangwi zinapunguza kiduchu tu, tena ule wa sauti nyembamba. Karatasi ni nyepesi, sauti nzito inapita humo kana kwamba hakuna kitu. Tena zinashika moto upesi. Zile sponji nyembamba za rangi mbili zinazouzwa kwa mtindo huohuo nazo ni ndugu wa karibu wa trei. Wimbi la sauti ya hetzi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, na ili kulinyonya sawasawa unahitaji unene unaokaribia robo ya urefu huo, yaani sentimita 85. Sponji ya sentimita mbili italinyonya wapi?

Ndiyo maana nasema Arusha tumebarikiwa. Mtu wa Dar akifunga madirisha, akazima feni na kujitundikia mablanketi, baada ya dakika kumi anaokotwa. Sisi huku chini ya Meru, kuanzia Juni mpaka Agosti, mablanketi ni sehemu ya familia. Kila nyumba ina yale mazito yenye picha ya simba au maua, na kama hayatoshi nenda mitumba ya Kilombero, au panda gari la Tengeru Jumatano au Jumamosi siku ya soko, utafute mapazia mazito ya hoteli na mafurushi ya duveti. Godoro la zamani lililobonyea katikati ni mali, usimpe mtu. Lisimamishe ukutani.

Sasa unayatundika wapi? Wengi wanajaza mablanketi mbele yao, nyuma ya maiki, halafu wanashangaa mwangwi haujaisha. Maiki nyingi za sauti zinasikia zaidi upande wa mbele, yaani upande ulipo wewe, na kilicho nyuma yako. Kwa hiyo ukuta wa mgongoni kwako ndio wa kwanza kufunikwa, halafu pembeni. Njia ya mkato ni kulifungua kabati la nguo na kulipa mgongo, maiki ikiwa mbele yako inakutazama wewe na makoti. Chini weka kapeti au mkeka mnene. Juu, kama mna ari, funga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye mlango na utupie blanketi moja kama paa la hema.

Kamba ina faida nyingine. Mwenye nyumba wenu hataki misumari ukutani, sivyo? Na mama mkwe akija kutoka Moshi bila kupiga simu, kile chumba cha pili ni chake. Studio ambayo haiwezi kushushwa kwa dakika kumi ikaingia uvunguni mwa kitanda haifai kwenye nyumba ya kupanga. Baba Junior alitaka kugeuza chumba cha mtoto kuwa studio ya kudumu na mtoto ahamie chumba cha wazazi. Msomaji, hivi kuna haja ya kueleza kwa nini pendekezo hilo halikupita?

JOGOO, MORAMU NA MABATI

Mablanketi yanaua mwangwi. Kelele ya nje hayaiwezi, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo na kupoteza hela. Kuzuia kelele isiingie kunahitaji ukuta mzito na matundu yaliyozibwa, na aliyepanga hajengi ukuta. Unachoweza ni kuziba upenyo chini ya mlango kwa taulo lililokunjwa na kuhakikisha vioo vya dirisha vinafunga. Hiyo peke yake inapunguza zaidi ya unavyodhani.

Kinachobaki ni kuujua mtaa wako. Moshono ni pazuri, kijani tupu, lakini ni mahali panapokua. Kila upande kuna fundi anagonga bati au anakata nondo. Malori ya moramu na mchanga yanapita yakitikisa vikombe. Bodaboda hazina saa. Mbwa wanajibizana usiku wa manane, jogoo wanaanza saa kumi alfajiri, na wikiendi kuna spika za baa upande mmoja na za mkesha upande mwingine, zote zikiwa na haki yake. Mvua za masika zikianza Machi hadi Mei, kama nyumba ina mabati na dari jepesi, sahau kurekodi wakati inanyesha. Msomaji wa habari hawezi kushindana na mabati.

Alichofanya baba Junior hapa nilikipenda. Kwa wiki mbili aliandika kelele kwenye daftari kama wahasibu wanavyoandika matumizi: saa, chanzo, imechukua muda gani. Akagundua kwamba kati ya saa tatu na saa tano usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, mtaa wake unalala. Fundi kaondoka, baa hazijachangamka, mbwa hawajaanza kikao. Saa mbili kwa siku nne. Kwa mtu mwenye ajira ya mchana zinatosha kabisa.

Kelele nyingine ziko ndani. Friji lina mngurumo ambao wewe huusikii tena ila maiki inausikia vizuri sana. Lizime unaporekodi, lakini weka ufunguo wa mlango au simu yako ya pili ndani yake, ili usiweze kulala bila kukumbuka kuliwasha. Ukisahau, samaki wakaharibika, ule ugomvi wa maiki utaonekana utani. Na umeme ukikatika usikate tamaa. Laptopu ikiwa na chaji, maiki ya USB inakula umeme wa laptopu hiyohiyo, na mtaa mzima umenyamaza isipokuwa wenye jenereta. Nawajua watu wanaosubiri mgao kama wengine wanavyosubiri mshahara.

CHUMBA CHA KULALA SI AIBU

Kuna wanaoona haya kumwambia mteja kwamba studio iko chumbani. Acha hizo! Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zetu kubwa zilitegemea studio ya redio ya taifa. Miaka ya 1990 studio binafsi zilipoanza kushika kasi, zilizovuma zilikuwa Dar, na kijana wa Arusha mwenye mashairi yake alipanda basi zaidi ya kilomita 600 kwenda kuyarekodi. Baadaye zikaja studio za hapa kwetu kama Noizmekah, na Arusha iliyotoa X Plastaz na Nako 2 Nako ikawa na pa kurekodia. Leo umbali umepungua hadi kutoka sebuleni kwenda chumbani. Na kama unadhani hiyo ni shida zetu za Afrika, Billie Eilish na kaka yake Finneas walirekodi albamu yao iliyotoka mwaka 2019 chumbani kwenye nyumba ya wazazi wao, Los Angeles. Januari 2020 wakazoa Grammy.

HAYA, TUNUNUE

Chumba kikishatulia ndipo tufungue pochi. Usishangae nikisema uanze na simu yako. Simu nyingi za kisasa, zikiwekwa kwenye stendi umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye mablanketi, zinashinda maiki ya laki tano iliyoko sebuleni kwenye vigae. Rekodi hivyo mwezi mzima. Kama baada ya mwezi bado una hamu, nunua.

Maiki ziko za aina mbili kubwa. Kondensa inasikia kila kitu, mpaka tumbo lako linavyonguruma, nayo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kiboksi cha kuunganishia, isipokuwa zile za USB. Dainamiki ni mvumilivu zaidi: inakusikia wewe uliye karibu, na mambo ya mbali inayaacha yapite. Kwa nyumba zetu hizi ushauri wangu ni dainamiki, tena bila kusita. Samson Q2U, ambayo nje huuzwa kati ya dola 70 na 100, inachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB, na siku ukipata kiboksi inakubali pia waya wa kawaida wa studio. Ile Shure SM58 ya kwenye majukwaa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, bado ni nzuri kwa kazi ya sauti, ila itahitaji kiboksi. Behringer UMC22 ni cha bei nafuu na kinatosha kwa kuanzia. Angalizo: SM58 feki zimejaa dunia nzima. Ukiikuta inauzwa bei ya mafungu ya nyanya, si yenyewe.

Hedifoni zinazofunika sikio lote ni lazima, ili sauti isivuje kurudi kwenye maiki. Kichujio cha kuzuia pumzi za "p" na "b" usinunue. Kunja hanga ya waya iwe duara, vuta juu yake stokingi ya zamani, weka katikati ya mdomo na maiki. Omba stokingi kwanza, usijichukulie.

Programu ni bure. Audacity ipo tangu mwaka 2000 na inafanya karibu kila kitu anachohitaji msomaji wa sauti. Ukikua unaweza kuhamia Reaper, unayoijaribu siku 60 kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Tafadhali usiweke ile programu ya wizi aliyokuletea mshkaji kwenye flashi. Virusi vikila faili za mteja utamwambia nini?

Rekodi kwa mono, faili la WAV, hetzi 44,100 au 48,000. Angalia mishale: sauti yako ikipanda iishie kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Ikigusa sifuri inapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Kabla hujaanza kusoma, kaa kimya sekunde kumi huku inarekodi. Sekunde hizo zinaifundisha programu jinsi chumba chako kinavyovuma, ili iuondoe mvumo huo baadaye, kidogo tu, maana ukizidisha utasikika kama unaongea kutoka kwenye ndoo. Mngurumo wa lori la mbali unakatwa kwa kuondoa kila kitu kilicho chini ya hetzi 80. Sauti ya mwanaume anapoongea huanzia takriban hetzi 85 na ya mwanamke kama 165, kwa hiyo hapo hujipunguzii kitu.

Unataka kujua kama umefuzu? Jipime kwa kipimo cha ACX, wanaopokea vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya Audible: ukimya wa chumba chako uwe chini zaidi ya desibeli 60 chini ya sifuri, wastani wa sauti uwe kati ya 23 na 18 chini ya sifuri, na kilele kisivuke 3 chini ya sifuri. Chumba kikifikia hapo, mteja wa Arusha hana cha kukulaumu.

NENO "SHHH"

Mwishowe laki sita za Moshono ziligawanywa. Laki tatu na nusu zilikwenda kwenye maiki ya USB, hedifoni, stendi na waya. Zilizobaki zilirudi kwenye uzio, na makubaliano yakawa kwamba malipo ya kwanza ya sauti yatalipa lile pengo kabla mtu hajanunua kitu kingine chenye waya. Kwa mhasibu hayo ni mambo ya kawaida kabisa. Kilichowashinda ni ukimya.

Fikiria. Mke katoka zamu, siku mbili hawajakaa pamoja, ana habari za wodini anataka kuzitoa. Mume yuko kwenye hema la mablanketi, anatoa mkono nje: "Shhh." Mtoto anataka maji. "Shhh." Sufuria inaanguka. "Shhh!" Neno hilo likitajwa mara nne kwa usiku mmoja linakuwa tusi. "Sasa hii ni nyumba au maktaba?" mama Junior aliuliza, na nadhani aliuliza kwa niaba ya wake na waume wengi.

Walichoafikiana ni hiki. Kati ya usiku nne tulivu, mbili ndizo za kurekodi, na zinapangwa baada ya ratiba ya zamu za mke kutoka, si kabla. Kurekodi kunaanza mtoto akiwa amelala, na mlangoni kunatundikwa kanga nyekundu, ikiwepo hakuna anayeingia. Kanga ikitoka, kazi imekwisha, hata kama ukurasa mmoja umebaki. Hapo baba Junior alilalamika sana. Ila akagundua kwamba akijua ana saa mbili tu, anajiandaa: anasoma maandishi mara mbili kwa sauti akiwa jikoni anaosha vyombo, anakunywa maji badala ya chai ya maziwa inayonata mdomoni, na akiingia kwenye hema hafanyi marudio ishirini.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo hakulitegemea. Mke ndiye akawa msikilizaji wa kwanza. Rekodi ya mwanzo aliisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni: "Huyu si wewe. Huyu ni mtangazaji fulani wa redio mwenye mafua." Alikuwa anaiga, kama tunavyoiga wote tukipewa maiki. Akarudia akiongea kama anavyomweleza mkewe jambo, na rekodi ile ndiyo iliyompa kazi ya kwanza. Walipopata kazi ya ujumbe wa afya kwa akina mama wajawazito, nesi ndiye aliyesahihisha majina ya dawa, na mteja alipotaka sauti ya kike, msomaji wangu, unadhani ilitoka wapi? Siku hizi wanagombania zile usiku mbili. Uzio bado haujaisha.

IKISHATOKA HAIRUDI

Jambo moja la karatasi, kwa kuwa vijana wengi wanalipwa kwa simu na hawasaini chochote. Sauti yako itatumika wapi, na kwa muda gani? Tangazo la mwezi mmoja redioni bei yake si ya video itakayokaa mtandaoni miaka. Andikeni, hata nusu ukurasa, na chukua nusu ya malipo kabla.

Swali jipya la miaka hii ni mashine. Kuna kazi zinazokuja zikiomba usome sentensi elfu moja zisizo na mpangilio, na lengo lake ni kuifundisha kompyuta iongee kama wewe. Si lazima ukatae. Lakini ujue unauza nini, maana baada ya hapo kompyuta inaweza kusoma tangazo la bia au la chama cha siasa kwa sauti ambayo mama yako anaifahamu. Uliza moja kwa moja, na ikataze kwa maandishi kama hutaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haki za kazi za sanaa ziulize COSOTA. Ukitaka kurusha kipindi chako mwenyewe mtandaoni hilo ni jambo jingine tena, kanuni za maudhui za mwaka 2018 zilizoandikwa upya 2020 zinagusa leseni, kwa hiyo piga hodi TCRA kabla ya kutangaza jina la kipindi.

Na kabla hujatuma faili lolote, lisikilize kwenye simu ya kawaida, kwa spika yake ileile ndogo, dirisha likiwa wazi. Tangazo hilo litasikilizwa ndani ya daladala ya Moshono, konda akigonga bati na abiria wa nyuma akiongea na simu. Kama bei au namba ya simu ya mteja haijasikika humo, rudia sentensi hiyo peke yake usiku wako unaofuata.